Aleksander Majkowski, Mshairi na Mtetezi wa Wakashubi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Aleksander Majkowski alikuwa nani?

Alikuwa daktari, mshairi, mwandishi wa riwaya, mhariri na mwanaharakati wa utamaduni. Alizaliwa tarehe 17 Julai 1876 katika mji mdogo wa Kościerzyna, kaskazini mwa Polandi ya leo, akafariki tarehe 10 Februari 1938 katika mji wa bandari wa Gdynia. Alikuwa Mkashubi, na karibu kila alichokiandika alikiandika kwa ajili ya Wakashubi au kuwahusu.

Siku hizi jina lake hutajwa kwanza kwa sababu ya riwaya moja, *Żëcé i przigòdë Remusa*, yaani Maisha na Visa vya Remus, ambayo inahesabiwa kuwa kilele cha fasihi ya Kikashubi. Hata hivyo, anayemjua kwa riwaya hiyo peke yake anamjua nusu. Kwa takriban miaka arobaini Majkowski alikusanya watu, akaanzisha jarida, akaunda chama, akashiriki kufungua jumba la makumbusho, akaandika vitabu vya kuwaongoza wasafiri, kisha akaandika historia ya watu wake tangu mwanzo. Hayo yote aliyafanya huku akijipatia riziki kwa kazi ya kutibu wagonjwa.

Jina lake linatamkwaje?

Kwa masikio yetu linasikika kama "Maikofski", mkazo ukiangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ulivyo katika Kiswahili. Herufi "w" ya Kipolandi husomwa kama "v" yetu, na ikifuatiwa na "s" hulainika ikawa "f". Mji wake wa kuzaliwa, Kościerzyna, hutamkwa kwa kukaribia "Koshchezhina".

Wakashubi ni watu gani?

Ni wenyeji wa sehemu ya Pomerania, eneo la kaskazini mwa Polandi, iliyo upande wa magharibi na kusini-magharibi wa jiji la Gdańsk, kuanzia pwani ya Bahari ya Baltiki hadi nchi ya maziwa, misitu na vilima iliyo bara, ambako kilima cha Wieżyca chenye urefu wa mita 329 ndicho kinachozidi vingine vyote. Walio pwani waliishi kwa uvuvi, na walio bara walilima udongo wa kichanga usiotoa mavuno makubwa. Alama yao ni grifoni mweusi katika uwanja wa rangi ya dhahabu. Grifoni ni mnyama wa hadithi mwenye kichwa na mabawa ya tai na kiwiliwili cha simba.

Lugha yao, Kikashubi, ni ya jamii ya Kislavi na ni ndugu wa karibu wa Kipolandi, lakini udugu huo haumwezeshi Mpolandi wa Warsaw kuyafuata mazungumzo ya wazee wawili wa kijijini. Mpolandi akisema *chłopiec* kumtaja mvulana, Mkashubi husema *knôp*. Nyumba ambayo Mpolandi huiita *dom*, Mkashubi huiita *chëcz*. Msichana aliyefikia umri wa kuchumbiwa ni *brutka*, na viazi, ambavyo katika nchi ile ya mchanga ndivyo vilivyowalisha watu, ni *bùlwë*. Maneno mengi ya Kikashubi yameingia kutoka Kijerumani, kwa kuwa mataifa hayo mawili yameishi mlango kwa mlango kwa karne nyingi.

Majkowski alisoma kwa lugha gani?

Kwa Kijerumani, na hapa ndipo kisa chake kinapoanza hasa. Nchi ya Wakashubi ilitwaliwa na Prusia, dola ya Kijerumani, mwaka 1772, Polandi ilipogawanywa kwa mara ya kwanza, na ilibaki mikononi mwa Wajerumani hadi mwaka 1920. Kwa hiyo mtoto wa Kikashubi wa zama za Majkowski alikua katikati ya lugha tatu, na kila moja ilikuwa na chumba chake. Kikashubi kilikuwa cha nyumbani, zizini na shambani. Kipolandi kilikuwa cha kanisani, kwa sababu Wakashubi wengi ni Wakatoliki na walisali na kuhubiriwa kwa Kipolandi. Kijerumani kilikuwa cha shule, mahakama, jeshi na ofisi zote.

Mpangilio wa namna hiyo humfundisha mtoto jambo ambalo hakuna mwalimu analolitamka, yaani kwamba lugha ya mama yake ndiyo ya chini kuliko zote. Kikashubi kilidharauliwa na pande mbili. Mjerumani alikiona kuwa lugha ya wachunga ng'ombe, na Mpolandi aliyesoma alikiona kuwa Kipolandi kilichoharibika. Matokeo yake ni kwamba Mkashubi aliyepata elimu, mara nyingi alikuwa Mjerumani au Mpolandi kabla hajamaliza masomo yake.

Majkowski naye alielekea njia hiyo. Alisoma shule ya Kijerumani mjini Kościerzyna, kisha shule ya sekondari ya Chojnice, ambako wanafunzi Wapolandi walikuwa na duara la siri la kujifunza fasihi na historia yao waliyonyimwa darasani. Huko alikutana na utenzi wa Hieronim Derdowski, Mkashubi wa kizazi kilichotangulia, unaosimulia kwa ucheshi safari ya bwana mmoja mvuvi, Czorliński, kwenda Puck kununua nyavu. Utenzi huo ulikuwa umechapishwa Toruń mwaka 1880, kwa Kikashubi. Kwa kijana aliyezoea kuamini kwamba kitabu ni kitu cha Kijerumani au cha Kipolandi, kuyaona maneno ya nyumbani kwao yamepigwa chapa na kufuata vina kulikuwa tukio lililoyageuza maisha yake.

Ilikuwaje daktari akawa mshairi?

Vyote viwili vilikwenda pamoja tangu mwanzo. Alisomea udaktari Berlin, kisha Greifswald, ambako harakati zake miongoni mwa wanafunzi Wapolandi zilimfanya afukuzwe chuoni, na hatimaye akamalizia masomo yake Munich. Ulipofika mwaka 1899, akiwa angali mwanafunzi, alikuwa tayari ametoa utenzi wa mzaha kuhusu uchaguzi wa mhudumu wa kanisa katika mji wao wa Kościerzyna, na jina la pili la utenzi huo linawataja wanaume watano makapera na *brutka* mmoja tu. Ni kazi ya kijana anayejaribu kalamu, na unyayo wa Derdowski unaonekana wazi ndani yake.

Mwaka 1905 alitoa diwani ndogo, *Spiewe i frantówci*. *Frantówka* ni wimbo mfupi wa utani, wa aina inayoimbwa kwenye karamu baada ya watu kushiba, na kuwekwa kwake katika jina la kitabu pamoja na nyimbo za kawaida kunaonyesha mahali Majkowski alipokuwa amefika. Kabla yake ilidhaniwa kwamba Kikashubi kinafaa kuchekesha tu. Yeye aliuweka utani upande mmoja, na upande wa pili akaweka mashairi ya huzuni, ya mapenzi na ya nchi, ili msomaji aone kwamba lugha ile ile inaweza kubeba mizigo yote miwili. Binafsi naona kwamba diwani hii, japokuwa nyembamba na baadhi ya mashairi yake hayajakomaa, ilifungua njia iliyoufikisha ushairi wa Kikashubi kwa akina Jan Karnowski na padri Leon Heyke, ambao katika ushairi mtupu walimpita mwalimu wao.

Udaktari nao ulimfaa kuliko wengi wanavyodhani. Daktari wa mji mdogo huitwa usiku, huingia nyumba za matajiri na vibanda vya wavuvi, na mgonjwa anapoeleza maumivu yake huyaeleza kwa lugha yake halisi.

Jarida la *Gryf* lilikuwa nini?

*Gryf*, yaani Grifoni, lilikuwa jarida la mambo ya Wakashubi ambalo Majkowski alilianzisha mwaka 1908 mjini Kościerzyna na kulihariri mwenyewe. Humo zilichapishwa hadithi za mapokeo, mashairi kwa Kikashubi, makala za historia, na mijadala mikali ya siasa. Sehemu kubwa ya makala iliandikwa kwa Kipolandi, jambo ambalo wasomaji wa leo hulishangaa. Sababu ni nyepesi: Wakashubi wengi waliojua kusoma walikuwa wamejifunza kusoma kwa Kijerumani au kwa vitabu vya sala vya Kipolandi, na karibu hakuna aliyewahi kusoma ukurasa mzima wa lugha yake mwenyewe. Ilibidi wasomaji wa Kikashubi watengenezwe kwanza, shairi kwa shairi.

Mwaka wenyewe nao una maana. Ni katika mwaka 1908 ambapo bunge la Ujerumani lilipitisha sheria ya vyama na mikutano, ambayo Wapolandi waliipa jina la sheria ya kufunga midomo, kwa sababu iliamuru Kijerumani kitumike katika mikutano ya hadhara, isipokuwa kwa muda fulani katika wilaya ambazo wasio Wajerumani walizidi asilimia 60 ya wakazi. Miaka miwili kabla yake, 1906, watoto wa shule katika sehemu za Polandi zilizotawaliwa na Prusia walikuwa wamegoma kujibu somo la dini kwa Kijerumani, na mgomo huo uliingia hadi 1907 na kuzifikia shule za Wakashubi pia. Kuanzisha jarida la Wakashubi wakati huo, katika mji wenye polisi na hakimu wa Prusia, lilikuwa jambo la kumtafutia mtu kesi.

*Gryf* halikutoka mfululizo. Lilisimama mwaka 1912, likafufuka baada ya vita kuu, likasimama tena, likarudi kwa mara nyingine katika miaka ya 1930. Fedha ndizo zilizokuwa adui yake wa kudumu.

Vijana wa Kashubi walikuwa akina nani?

Jina lao kwa Kipolandi ni *Młodokaszubi*, nao walikuwa kundi la wasomi waliokusanyika kulizunguka *Gryf* na kuunda chama rasmi mjini Gdańsk mwaka 1912. Walikuwamo wanasheria, mapadri na madaktari, wengi wao wakiwa watoto wa wakulima waliokwenda chuoni wakarudi bila kuona haya ya kwao. Mwaka uliofuata, 1913, chama kilifungua jumba la makumbusho ya Kashubi na Pomerania katika mji wa Sopot, na mwaka huo huo Majkowski akatoa kitabu cha kuwaongoza wasafiri kwenye chemchemi za mto Radunia.

Kitabu cha kuongoza wasafiri huenda kikaonekana kitu kidogo kwa mtu mwenye ndoto kubwa kama zake. Lakini Majkowski alielewa kwamba mkulima akimwona mgeni kutoka Warsaw ameshuka kwenye treni, ametembea kilomita kadhaa kwa miguu ili aje kulitazama ziwa ambalo yeye mkulima hulinyweshea farasi, atalitazama ziwa hilo upya. Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyomwongoza katika nyimbo, tarizi na hadithi za bibi.

Kuhusu tarizi, ni haki kuwataja watu wengine wawili. Mwalimu Izydor Gulgowski na mkewe Teodora, mchoraji, walinunua nyumba kuukuu ya mkulima katika kijiji cha Wdzydze na mwaka 1906 wakaigeuza kuwa makumbusho ya kwanza ya wazi katika ardhi ya Polandi. Teodora alikusanya ruwaza za zamani za kushona maua kwenye kofia na nguo za kanisa, akawafundisha wanawake wa kijijini kuzishona tena na kuziuza, na tarizi unazoziona leo kwenye kila sherehe ya Wakashubi zimetokana na kazi hiyo. Gulgowski alishirikiana na mwanaisimu Mjerumani Friedrich Lorentz katika chama cha kuchunguza mila za Wakashubi kilichoundwa Kartuzy mwaka 1907. Majkowski alikitilia shaka chama hicho, akihofia kwamba kuwasisitizia Wakashubi kuwa wao si Wapolandi kungewarahisishia Wajerumani kazi ya kuwameza. Kazi ya kisayansi ya Lorentz imebaki kuwa ya thamani hadi leo, na nadhani katika jambo hili hofu ya kisiasa ilimfanya Majkowski awe mkali kupita kiasi.

Je, Majkowski alitaka Wakashubi wajitenge na Polandi?

Hapana, na swali hili lilimwandama maisha yake yote.

Kabla yake kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ya Florian Ceynowa (1817–1881), naye pia daktari, ambaye mwaka 1846 aliongoza jaribio la kuivamia kambi ya askari wa Prusia mjini Starogard, akahukumiwa kifo, akaachiwa huru na mapinduzi ya mwaka 1848, na kisha akatumia miaka iliyobaki kuandika kwa Kikashubi na kuwatetea Wakashubi kama watu wa pekee. Njia ya pili ni ya Derdowski, aliyeimba kwamba hakuna Kashubi bila Polandi wala Polandi bila Kashubi. Majkowski na wenzake walichukua kitu kutoka kila upande. Kutoka kwa Ceynowa walichukua imani kwamba Kikashubi kinastahili kuwa lugha ya fasihi kamili, na kutoka kwa Derdowski wakachukua uamuzi wa kisiasa kwamba mustakabali wao uko ndani ya Polandi. Kaulimbiu yao ilisema kwamba kilicho cha Kashubi ni cha Polandi.

Kaulimbiu hiyo husomwa vibaya na watu wa leo, kana kwamba ilikuwa kujisalimisha. Majkowski aliikusudia kama dai la haki. Ikiwa cha Kashubi ni cha Polandi, basi Polandi haina ruhusa ya kukicheka, wala kukiita kasoro, wala kukiacha kife.

Je, kuna uhusiano wowote kati ya kisa hiki na Afrika Mashariki?

Upo mmoja, na si wa kubuni. Serikali iliyomkataza mtoto wa Kościerzyna kusali kwa lugha yake darasani ndiyo iliyotawala Tanganyika, Rwanda na Burundi, chini ya mfalme yule yule, Wilhelm wa Pili. Mgomo wa watoto wa shule wa 1906 na 1907 ulitokea wakati Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905, vikiwa bado vinawaka kusini mwa Tanganyika.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika suala la lugha Wajerumani walitenda tofauti katika nchi hizo mbili. Huku kwetu walikitumia Kiswahili katika shule za serikali na katika kuwaandaa makarani na maakida, na katika miaka hiyo hiyo gazeti la *Kiongozi* lilipigwa chapa kwa Kiswahili shuleni Tanga. Kule Pomerania walikataza. Tofauti haikutokana na huruma. Tanganyika ilikuwa koloni la kutawaliwa, na Kiswahili kilirahisisha utawala, lakini nchi ya Wakashubi ilihesabiwa kuwa sehemu ya Ujerumani yenyewe, na watu wake walitakiwa wawe Wajerumani.

Alifanya nini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza?

Akiwa raia wa Ujerumani aliitwa jeshini mwaka 1914 na kuhudumu kama daktari wa jeshi hadi mwisho wa vita, Romania na Ufaransa zikiwa miongoni mwa nchi alikopelekwa. Aliweka kumbukumbu za kila siku za mwanzo wa vita hivyo, nazo zilichapishwa miaka mingi baada ya kifo chake. Kwa mwanaharakati wa Kipolandi, kuvaa sare ya dola iliyokuwa ikiwabana watu wake kulikuwa jaribu zito, na malaki ya Wapolandi walilipitia.

Baada ya Polandi kupata uhuru, mambo yalimwendeaje?

Hayakumwendea alivyotarajia. Mwaka 1920 sehemu kubwa ya nchi ya Wakashubi ilirudi Polandi na Gdańsk likawa Jiji Huru, yaani jiji la kujitegemea lisilo la Polandi wala la Ujerumani. Majkowski alishiriki katika kazi ya kuweka mipaka mipya, kisha akahamia Kartuzy, mji mdogo uliozungukwa na maziwa, na huko akaendelea na kazi ya udaktari. Mwaka 1924 alitoa mwongozo mwingine wa wasafiri kuhusu vilima vinavyouzunguka mji huo, ambavyo watu huviita Uswisi ya Kashubi.

Lakini watumishi wa serikali waliokuja kutoka sehemu nyingine za Polandi walileta dharau mpya. Mara nyingi nafasi za kazi ziliwaendea wageni, na Mkashubi aliyejitambulisha kwa lugha yake alishukiwa kuwa wakala wa Wajerumani. Watu waliopigania kuwa ndani ya Polandi kwa nusu karne waliambiwa na Wapolandi kwamba wao ni hatari kwa Polandi. Mwaka 1929 muungano wa kieneo wa Wakashubi uliundwa Kartuzy na Majkowski akawa mwenyekiti wake, ila shaka ya mamlaka haikupungua, na katika miaka ya 1930 kizazi cha vijana walimu na wanahabari kilianza kudai zaidi ya alivyodai yeye. Ndoa yake nayo ilivunjika. Akarudi kwenye maandiko yaliyokuwa mezani pake.

Riwaya ya *Remus* inahusu nini?

Inamhusu yatima aliyelelewa kama mtumishi na mchunga mifugo katika shamba lililo mbali na watu. Remus ana kasoro ya ulimi, na asemapo watu hawamwelewi, kwa hiyo humwona mjinga. Akiwa mchungaji humtokea maono: ngome iliyozama na binti mfalme anayeomba avushwe maji. Remus anaanza kumbeba, na hapo vinamtokea vizuka vitatu vinavyoilinda njia.

Majina ya vizuka hivyo ndiyo kiini cha kitabu kizima. Wa kwanza ni *Trud*, yaani Taabu. Wa pili ni *Strach*, Hofu. Wa tatu ni *Niewôrto*, na huyu ni mgumu kumtafsiri, kwa sababu jina lake ni maneno anayoyasema mtu akikata tamaa: haina thamani, haifai kujisumbua. Kwa Kiswahili ningemwita Ya Nini. Taabu unaweza kupambana nayo kwa misuli, na Hofu unaweza kuishinda ukikasirika vya kutosha. Ya Nini haji na upanga wala makucha. Humnong'oneza tu mtu aliyechoka: ya nini kumwandikia mwanao lugha isiyompa kazi, ya nini kuzikusanya nyimbo za wazee, ya nini kuvuka maji haya na mzigo mgongoni ilhali ng'ambo hakuna anayekungoja? Majkowski alikuwa amemwona kizuka huyo katika nyuso za wagonjwa wake, za wanafunzi wenzake, na bila shaka alimwona usiku mezani kwake mwenyewe, *Gryf* lilipokuwa halina hata fedha za karatasi.

Remus mtu mzima hununua toroli la gurudumu moja, akalijaza vitabu vya sala, vitabu vya nyimbo, rozari na picha za watakatifu, akalisukuma kutoka kijiji hadi kijiji, kutoka gulio hadi sikukuu ya parokia. Mtu asiyeweza kusema vizuri ndiye anayewapelekea watu maneno. Njiani anafuatana na Trąba, mwanamuziki mcheshi asiyekosa la kusema, na anagombana na Czernik, ambaye ndiye sura ya uovu katika riwaya. Kuna ucheshi mwingi, kuna gereza, kuna mapenzi yasiyotimia. Remus hafaulu kumwokoa binti mfalme, na mwandishi hajaribu kutudanganya kwamba alifaulu.

Kitabu kina jina la ziada, Kioo cha Kashubi. Sehemu zake zilitokea kwanza katika *Gryf*, na kitabu kizima kilichapishwa Toruń mwaka 1938, Majkowski akiwa tayari kaburini. Baadaye kimetafsiriwa kwa Kipolandi, Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza.

Alizikwa wapi, na nini kiliwapata wenzake?

Alizikwa Kartuzy. Mwaka huo huo wa 1938 ilichapishwa pia *Historia Kaszubów*, historia yake ya Wakashubi, nayo hakuishika mkononi.

Mwaka mmoja na nusu baada ya mazishi, Wajerumani waliivamia Polandi. Padri Leon Heyke aliuawa kwa kupigwa risasi Oktoba 1939 katika mauaji waliyofanyiwa wasomi wa Pomerania. Jan Karnowski, mshairi na hakimu, alifariki mwezi huo huo, akiwa mbali na kwao. Katika majuma machache kundi lililokuwa limekusanyika kulizunguka *Gryf* lilikuwa limekwisha.

Kikashubi kina hali gani leo?

Kina hadhi ambayo Majkowski hakuiona. Sheria ya tarehe 6 Januari 2005 ilikitambua kuwa lugha ya kieneo, ya pekee yenye hadhi hiyo nchini Polandi. Kinafundishwa shuleni, vibao vya barabarani katika wilaya nyingi vimeandikwa lugha mbili, na katika mji wa Wejherowo kuna makumbusho maalumu ya maandishi na muziki wa Wakashubi na Pomerania.

Pamoja na hayo, idadi inashuka. Katika sensa ya mwaka 2011 watu takriban 108,000 walisema wanakitumia nyumbani, na katika sensa ya 2021 walikuwa takriban 87,600. Wazazi wengi hukipenda Kikashubi, hukiimba kwenye arusi, kisha huongea na watoto wao kwa Kipolandi. Shule inafanya kazi yake, lakini *bùlwë* huitwa *bùlwë* jikoni kwanza, kabla ya kuandikwa ubaoni, na kizuka cha tatu bado kinakaa katika nyumba nyingi.

Asiyejua Kikashubi wala Kipolandi aanzie wapi?

Aanzie kwenye tafsiri ya Kiingereza au ya Kifaransa ya *Remus*, na asikimbilie vizuka. Sura za mwanzo zinakwenda polepole, kwa mwendo wa mtu anayesukuma mzigo kwenye njia ya mchanga: shamba la mbali, ng'ombe, moto wa jioni, wazee wanaosimulia vita vya zamani. Msomaji akivumilia humo ataanza kulisikia gurudumu. Na atakapofika mahali mvulana anapoingia majini na binti mfalme mikononi, asome taratibu, kisha arudie.